Familia nzima melini: Tiketi ni theluthi tu ya gharama

KWA miaka mingi mkulima wa kahawa na ndizi wa Muleba ameijua meli kwa upande mmoja tu, upande wa gati. Amepeleka mikungu Kemondo, ameshusha mzigo kwenye gari, amewalipa wachukuzi, ameiona meli ikiwasha taa na kuondoka kuelekea Mwanza, kisha amerudi nyumbani kulala. Wapo wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi ambao mazao yao yamelivuka Ziwa Victoria mara nyingi, wao wenyewe hata mara moja.

Siku hizi watoto wao waliopata kazi na biashara huwaambia: mwaka huu tupande wote, babu na bibi, watoto, wajukuu na hata kitukuu. Tutalala melini, tutaamka Mwanza, tutatembea siku chache, kisha turudi.

Ni wazo zuri. Lakini safari ya watu wengi wa ukoo mmoja hugharimu kama msimu mzima wa shamba, na wengi huipanga kama harusi ya kushtukiza. Fedha huhesabiwa za tiketi tu, mengine "tutaonana huko huko". Matokeo huonekana Januari, pale sare na madaftari vinapotakiwa, mbolea haijanunuliwa na kahawa iliyo mtini imeshauzwa kwa mlanguzi.

Makala haya yanaeleza namna familia kubwa inavyoweza kupanga safari yake ya kwanza ya melini kwa hesabu ile ile ambayo mkulima makini huitumia shambani.

Meli na njia yake

Njia ya Bukoba, Kemondo na Mwanza ni ya zamani. Meli maarufu ya njia hiyo, MV Victoria, vipande vyake vilitengenezwa Scotland na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Baada ya kusimama kwa miaka kadhaa na kufanyiwa ukarabati mkubwa, ilirejea majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 200.

Barabara nayo imekuwa rahisi. Daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa tatu, lilifunguliwa Juni 2025, na basi la kutoka Bukoba kwenda Mwanza halihitaji tena kusubiri kivuko hapo. Kwa hiyo anayetaka kufika haraka ana njia yake.

Faida ya meli kwa familia kubwa ni nyingine. Mzee anaweza kujinyoosha kitandani badala ya kukunja magoti katika basi kwa zaidi ya kilometa 400. Mtoto anaweza kusimama, akatembea na kwenda chooni bila kumwomba dereva asimame. Na kwa kuwa safari ni ya usiku, familia huokoa malazi ya usiku mmoja kila inapovuka. Kwa walio katika mapumziko, safari yenyewe ni sehemu ya matembezi.

Jambo la kwanza ni kuulizia ratiba ofisini kabla ya kumwahidi mzee lolote. Meli huingia matengenezo, na ratiba hubadilika. Familia ya watu wawili inaweza kugeukia basi asubuhi hiyo hiyo, lakini ya watu 17 haiwezi.

Tarehe inachaguliwa na shamba

Wengi hufikiria wiki ya Krismasi kwa sababu ndipo wote wanapokuwa nyumbani. Kwa hesabu, hiyo ndiyo wiki mbaya kuliko zote. Abiria ni wengi, vyumba vya kulala huisha mapema, nyumba za wageni hujaa, na vitu sokoni hupanda bei.

Likizo ya katikati ya mwaka, Juni na Julai, ina uzito wake. Kahawa ya Kagera iko katika uvunaji na uanikaji, na kila mkono unahitajika. Aidha, kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu ziwani na kuinua mawimbi, jambo linalowasumbua wasiozoea maji.

Kwa familia nyingi za wakulima wa kahawa, kipindi kinachofaa ni wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba, mara shule zinapofungwa. Fedha za kahawa kwa kawaida zimeshalipwa, maharage na mahindi ya vuli yameshapandwa, na msongamano wa sikukuu bado haujaanza. Ni msimu wa mvua na wa senene pia, hivyo kila mmoja abebe koti, na wanaotegemea kuuza senene waamue mapema nani anabaki na karabai.

Hesabu ya familia ya watu 17

Tuchukue mfano. Familia ina babu na bibi, watoto wao wanne, wenza watatu (binti mmoja ni mjane), wajukuu saba na kitukuu mmoja anayenyonya. Jumla ni watu 17 wa vizazi vinne. Wajukuu wawili ni watu wazima, na mmoja wao ndiye mama wa mtoto mchanga. Kwa hiyo watu wazima ni 11, watoto wa umri wa shule watano na mchanga mmoja.

Wanaondoka Kemondo Jumatatu usiku, wanalala Mwanza usiku tatu, na wanarudi kwa meli ya Ijumaa usiku. Bei zinazofuata ni za mfano tu, kwa ajili ya kuonyesha hesabu. Kila familia iweke bei halisi itakazopewa ofisini.

Tuseme kitanda ni Sh50,000, kiti ni Sh25,000, mtoto analipa nusu na mchanga halipi. Familia ikiamua wote walale vitandani, kwenda tu ni Sh675,000, na kwenda na kurudi ni Sh1,350,000. Lakini si wote wanaohitaji kitanda. Wanaokihitaji kweli ni babu, bibi, mama mwenye mtoto mchanga, na binti mmoja wa kuwaangalia wazee usiku. Vitanda vinne ni Sh200,000, viti saba vya watu wazima ni Sh175,000, na viti vitano vya watoto ni Sh62,500. Kwenda ni Sh437,500, kwenda na kurudi ni Sh875,000. Uamuzi huo mmoja umeokoa Sh475,000.

Hapo ndipo familia nyingi huacha kalamu. Ukweli ni kwamba hesabu ndiyo kwanza inaanza. Vyumba saba vya kulala wageni mjini Mwanza kwa Sh30,000, kwa usiku tatu, ni Sh630,000. Chakula cha watu 16 kwa Sh8,000 kwa siku, kwa siku nne, ni Sh512,000. Usafiri wa kwenda na kutoka Kemondo, magari ya mjini, boti na viingilio vya sehemu za matembezi tuviwekee Sh400,000. Mtu wa kuangalia mifugo na shamba kwa siku tano, kwa Sh10,000, ni Sh50,000.

Jumla ni Sh2,467,000, na tiketi za meli ni kama theluthi moja tu ya fedha hizo. Ongeza asilimia 10 ya dharura, yaani Sh246,700, na safari inafikia Sh2,713,700. Familia iliyojiandaa kwa Sh875,000 itaishiwa siku ya pili ikiwa Mwanza, na kuanzia hapo kila kitu kitalipwa kwa kukopa au kwa kupigiana simu.

Nauli ya mtoto anayetoka Dar es Salaam haimo katika hesabu hii, kwa kuwa angekuja likizo nyumbani hata bila safari ya meli.

Panapoweza kupunguzwa

Malazi ndipo pa kwanza. Ikiwa kuna ndugu Mwanza anayeweza kuwapokea akina mama na watoto wanane, vyumba vya kulipia vinabaki vinne, na gharama inashuka hadi Sh360,000. Familia imeokoa Sh270,000.

Hata hivyo, ndugu huyo asigeuzwe nyumba ya wageni ya bure. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyumba iliyozoea kupika kwa watu watano ikipikia 13, mkaa, maji na mchele huisha mara moja. Ni heshima wageni wafike na mikungu miwili ya ndizi na debe la maharage, na wamkabidhi mama mwenye nyumba fedha ya mboga siku ya kwanza, si siku ya kuaga.

Matembezi nayo yachaguliwe kwa miguu ya mdogo na ya mzee. Kisiwa cha Saanane, kilichopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kiko karibu kabisa na jiji na hufikiwa kwa boti kwa muda mfupi. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, yako nje kidogo ya jiji, na yanawafaa wazee wanaopenda kuona zana, ngoma na nyumba za zamani. Sehemu mbili kwa siku nne zinatosha. Familia inayotaka kuona kila kitu hurudi na bibi aliyevimba miguu.

Nani anatoa nini

Kosa la kawaida ni kugawa gharama sawa kwa sawa. Katika mfano wetu nyumba nne zingetoa karibu Sh678,000 kila moja. Mwajiriwa wa Dar es Salaam atazitoa, lakini mdogo wake anayelima nyumbani atanyamaza kikaoni, kisha atauza kitu ambacho hakupaswa kukiuza.

Afadhali kila mmoja atoe kulingana na kipato, na kiasi kitajwe wazi. Mwajiriwa atoe Sh1,000,000, mwalimu wa Biharamulo Sh700,000, binti mwenye duka Bukoba Sh600,000, na mkulima Sh413,700. Jumla inatimia. Mkulima pia ndiye atakayetoa ndizi na maharage ya safari, na hayo yatajwe kikaoni kuwa ni mchango, si zawadi ya kupita tu.

Kila mmoja aweke akiba kwa mwendo wa kipato chake. Kuanzia Februari hadi Novemba ni miezi 10. Mwajiriwa ataweka Sh100,000 kwa mwezi na mwalimu Sh70,000. Mwenye duka, ambaye fedha yake huingia kila siku, ni rahisi kwake kuweka Sh15,000 kwa wiki kwa wiki 40. Mkulima hana mshahara wala mauzo ya kila siku. Yeye atenge sehemu yake siku ile ile chama cha msingi kinapomlipa kahawa.

Fedha zisikae mfukoni mwa mtu mmoja, hata awe kaka mkubwa. Akaunti ya kikundi, ya benki au ya simu, ambayo haitoi fedha mpaka zaidi ya mtu mmoja aidhinishe, huepusha maneno. Mhasibu awe mwenye kuandika, na mara nyingi huyo ni binti mwenye duka. Kila mwezi atume hesabu kwa wote.

Bei ya kahawa haina ahadi

Mkulima aipime safari kwa kilo, si kwa shilingi. Ikiwa kilo ya kahawa ya maganda inalipwa Sh4,000, mchango wake wa Sh413,700 ni kilo 104. Bei ikishuka hadi Sh2,500, mchango ule ule unakuwa kilo 166. Wakulima wa Kagera wanaikumbuka vizuri miaka ambayo kilo ya maganda haikufika hata Sh1,500, kwa hiyo mabadiliko hayo si hadithi.

Njia salama ni kukubaliana mapema juu ya bei ya chini ya kusafiria. Familia iseme: bei ikiwa chini ya kiwango hiki, safari inahamia mwaka ujao na akiba inabaki pale pale. Kuahirisha hakuna aibu. Aibu ni kusafiri kwa kahawa ambayo bado haijaiva.

Desemba ndipo hatari hiyo inapobisha hodi. Kahawa ya msimu ujao bado changa mtini, mkulima hana fedha, na mnunuzi wa butura anapita na noti mkononi. Serikali imekuwa ikiipiga vita biashara hiyo, lakini hufanyika kwa siri kwa sababu mwenye shida ndiye anayemwita mlanguzi.

Tufanye hesabu. Mkulima anahitaji Sh413,700 na mlanguzi anampa Sh1,500 kwa kilo. Atalazimika kuahidi kilo 276. Msimu ukifika na bei ikawa Sh4,000, kilo 104 tu zingetosha kulipa mchango. Amepoteza kilo 172, ambazo zingemwingizia Sh688,000. Kwa maneno mengine, ameilipa safari yake zaidi ya mara mbili na nusu.

Mikopo ya mitaani, ile inayoitwa kausha damu, si nafuu sana. Kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, mkopo wa Sh413,700 unazaa riba ya Sh41,370 kila mwezi. Baada ya miezi sita mkopaji anadaiwa Sh661,920. Mkopo unaonunua mbuzi au pampu unaweza kujilipa. Mkopo wa matembezi hauzai kitu, kwa hiyo utalipwa na chakula cha watoto.

Kanuni ni moja: safari iwe imelipwa yote kabla ya kupanda meli. Fedha ambayo haijapatikana ifikapo mwisho wa Novemba isihesabiwe kabisa.

Mikungu ya kuuza Mwanza

Katika kila familia hatakosekana mwenye kusema: kwa kuwa tunakwenda, tubebe mikungu 30 tukauze, safari ijilipe. Kwa mfanyabiashara mzoefu wa njia hiyo linawezekana. Kwa familia iliyo matembezini, mara nyingi ni hasara.

Faida ya ndizi si tofauti ya bei ya Muleba na bei ya Mwanza. Kuna gari la kufikisha mzigo Kemondo, malipo ya shehena, wachukuzi wa bandari zote mbili, ushuru, na mikungu itakayoiva au kuchubuka njiani. Tena mnunuzi wa Mwanza anajua kwamba mwenye mzigo amefuatana na wajukuu na hawezi kukaa sokoni siku mbili akisubiri bei. Atamsubiri yeye achoke.

Anayetaka kufanya biashara aifanye kwa mtaji wake mwenyewe, na mfuko wake usiguse ule wa safari. Mzigo upimwe na kulipiwa kama shehena, usigawanywe kwa watoto ili uonekane ni mizigo ya abiria. Hapo suala si nauli tena, ni uhai.

Orodha ya majina

Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, Ukerewe. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101 na tani 25 za mizigo. Waliokufa walizidi 220. Miaka 22 kabla yake, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, katika njia hii hii ya Bukoba na Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, na waliokufa ni zaidi ya 800. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha kamili, na ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokuwamo ina ubishi. Wengi wamezikwa Igoma, Mwanza.

Kagera na Mwanza kuna familia ambazo hazihitaji kukumbushwa tarehe hizo. Zimetajwa hapa kwa sababu zinagusa hesabu ya safari. Kila mtu wa familia, pamoja na mtoto anayenyonya, awe na jina lake katika orodha ya abiria. Asipande mtu kwa tiketi ya mwingine, wala mtoto asifichwe kwenye khanga ili kuokoa nusu nauli. Watu wazima wawe na vitambulisho vya taifa, na watoto nakala za vyeti vya kuzaliwa.

Kazi ya usalama wa vyombo vya majini iko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanza mwaka 2018. Lakini abiria ana macho yake. Chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, familia ishuke hata kama fedha ya tiketi itapotea. Babu na baba wakubaliane jambo hilo nyumbani, kwa sababu gatini, usiku, kila mtu huona haya kuwa wa kwanza kusema "tushuke".

Siku mbili kabla ya safari, fuatilieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa Ziwa Victoria. Dhoruba nyingi za ziwa hili hutokea usiku na alfajiri, na usiku ndio wakati wa safari yenu.

Mkishapanda, kila mtu mzima akabidhiwe mtoto mmoja kwa jina, mchana na usiku. Watoto watano hawawezi kuwa "wa wote", maana mtoto wa wote hana mwenyewe. Waoneshwe jaketi za kujiokolea ziko wapi, na iulizwe kama zipo za saizi ya watoto. Meli inapokaribia gati, wote wabaki wameketi. Chombo kilichojaa kinaweza kulemea upande mmoja watu wakikimbilia kushuka.

Mzee na mchanga

Wiki mbili kabla, babu na bibi wapelekwe kituo cha afya, hasa wenye shinikizo la damu au kisukari. Dawa zibebwe za siku zote za safari na siku tatu za ziada, tena zikae katika mkoba wa binti anayelala nao, si ndani ya begi lililofungwa pamoja na mizigo. Kadi za bima ya afya ziwe hapo hapo.

Vitanda vya wazee viombwe vya chini, karibu na choo, na kwa kadiri inavyowezekana katikati ya meli, ambako mtikisiko huwa mdogo. Wale mapema na kwa kiasi. Anayejisikia kichefuchefu akae penye hewa na kutazama mbali. Mtoto asipewe dawa ya kichefuchefu ya mtu mzima bila ushauri wa mganga. Usiku ziwani kuna baridi, na blanketi moja la nyumbani lina faida kuliko gauni la pili la kupigia picha.

Nyumba haibaki peke yake

Ng'ombe hajui likizo. Atataka majani, maji na kukamuliwa. Kahawa iliyobaki ghalani ina wanaoitamani, na mikungu iliyokomaa huonekana kutoka barabarani. Ndiyo sababu Sh50,000 za mwangalizi zimewekwa katika hesabu tangu mwanzo. Awe jirani anayejulikana, alipwe nusu kabla na nusu baada, na maziwa ya siku hizo tano yawe yake. Kahawa iliyokauka iuzwe chamani kabla ya safari. Balozi wa nyumba kumi ajulishwe, lakini si kijiji kizima.

Hili lisipopangwa, linajipanga lenyewe kwa namna moja inayojulikana. Siku ya kuondoka mizigo iko mlangoni, gari linapiga honi, na bibi anasema: "Nendeni wanangu, mimi nitalinda nyumba." Wote wanajua kwamba ng'ombe hana mtu, kwa hiyo hakuna anayembishia sana. Safari iliyoanzishwa kwa ajili yake inaondoka bila yeye, kwa kuwa watu walichanga Sh2,713,700 na wakasahau Sh50,000.

Kwa hiyo familia inayofikiria safari ya Desemba ianze na kikao Januari, bibi akiwapo. Karatasi ya kwanza iwe na majina 17. Karatasi ya pili iwe na jina la jirani atakayekamua ng'ombe. Tiketi zitafuata.